GOGO ZURI NA GOGO KIMEO: Usome kabla hujatumbukiza mtaji kwenye mbao ngumu hapa Mpanda



Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wenzangu hapa Misunkumilo siyo la siasa wala la Simba na Yanga. Ni hili: "Kaka, nimepata hela ya mpunga kidogo, nataka niingie kwenye mbao za mninga, vipi inalipa?" Inalipa, lakini siyo kwa kila mtu. Jamaa mmoja wa mtaani aliuza pikipiki yake akanunua magogo kwa macho tu, yaani aliyaangalia kwa nje akayaona manene, akatoa hela. Yalipopasuliwa, zaidi ya nusu yalikuwa na mapango ndani. Pikipiki ikageuka kuni. Aliyemuuzia hakumdanganya neno hata moja, kwa sababu hakuulizwa.

Kwa hiyo nimeona niweke hapa kila ninachokijua, cha kusoma na cha kuokota kwa wapasuaji na mafundi seremala, ili mtu akija kuniuliza tena nimwambie nenda kafe ukasome.

MITI YENYEWE

Sisi watu wa Katavi tunakaa katikati ya miombo. Mkoa wetu ni mpya, umeanza rasmi mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa, lakini msitu ni ule ule unaoendelea mpaka Tabora, Zambia, Kongo na Angola. Ndani ya msitu huo miti ni mingi sana, ila inayotajwa sokoni ni michache.

Mninga ndiyo mfalme. Kitaalamu ni Pterocarpus angolensis, Wazambia wanauita mukwa. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Kiini chake ni kahawia chenye dhahabu au wekundu, kina michirizi, na sifa yake kubwa ambayo wengi hawaijui ni utulivu. Ukishakauka haupindi hovyo, hausinyai sana, mlango wa mninga masika unafunga na kiangazi unafunga. Hicho ndicho watu wa Dar wanalipia. Rangi ni nyongeza tu.

Mkola, ambao Pwani wanauita mkongo au mbambakofi, ni mzito na mgumu zaidi. Mbegu zake ni zile nyeusi zenye kofia nyekundu ambazo watu wanatungia shanga. Watu wa Lamu wameutumia miaka na miaka kwa milango na majahazi. Kasoro yake ndogo: kwenye vinyweleo vyake mara nyingine kuna unga wa njano ambao ukilowa unatia doa kwenye nguo, kwa hiyo usitengenezee kabati la nguo bila kupiga vanishi vizuri.

Mkurungu nitaurudia chini, una habari yake. Halafu kuna mtundu na ndugu zake wa jamii ya miombo. Hii ipo kibao, ila inapinda na kupasuka ikikauka vibaya, na ikikaa kwenye unyevu haidumu. Tatizo ni kwamba kuna wajanja wanapaka rangi mbao za hovyo wanaziuza kama mninga. Kwangua kwa kisu kona ya mbao, rangi ya kupaka haiingii ndani.

KWA NINI MAGOGO MAWILI YENYE UNENE MMOJA BEI NI TOFAUTI

Hapa ndipo pesa ilipo, tulieni.

Mti wa mninga una sehemu mbili. Nje kuna weupe, ndani kuna kiini chenye rangi. Anayenunua mbao ya mninga ananunua kiini. Ule weupe ni chakula cha wadudu, unabunguliwa mpaka unabaki unga, wakati kiini mchwa na bungua wanakiogopa. Sasa chukua gogo lenye kipenyo cha sentimita 40. Ukiona weupe una sentimita 5 kila upande, kiini kimebaki na kipenyo cha sentimita 30. Mtu wa haraka anasema "nimepoteza robo tu". Hapana mzee! Eneo la duara linakwenda kwa kipenyo mara kipenyo, ile hesabu ya sekondari tuliyokuwa tunalalamika haina kazi. 30 mara 30 ni 900, 40 mara 40 ni 1,600. Umebakiwa na asilimia 56 tu. Na kama katikati kuna tundu la sentimita 10, toa 100 kwenye 900 inabaki 800. Yaani nusu ya gogo uliyolipia siyo mali.

Ndiyo maana mti mwembamba hauna faida. Mti mchanga weupe wake ni mwingi na kiini ni kama fimbo. Anayekata mninga mwembamba anafanya kazi ile ile, mafuta ya chenso yale yale, kubeba kule kule, anapata vipande viwili vya kutengenezea stuli. Sheria inaweka kipenyo cha chini cha kuvuna kwa kila aina ya mti, na watu wanaiona kama usumbufu wa serikali. Piga hesabu mwenyewe kwanza.

Na mninga haukui haraka. Mche wake kila mwaka unachomwa na moto au unakauka kiangazi, shina linakufa, mizizi inabaki, unaanza upya. Unaweza kuhangaika hivyo miaka kadhaa kabla haujapata nguvu ya kuchomoza ukapita kimo cha moto. Mpaka ufike unene wa kupasua ni umri wa babu wa babu, unakaribia miaka 100. Mti unaoangushwa leo kule porini uliota Mpanda haijawa mji, reli ya kutoka Tabora kupitia Kaliua haijajengwa.

PANGO LINATOKA WAPI

Wapasuaji wengi niliowauliza wanasema pango ni bahati mbaya. Mimi sikubali, pango lina historia, na ukijua kuisoma unaweza kuliona mti ukiwa bado umesimama.

Chanzo kikubwa ni jeraha. Moto wa kiangazi unaunguza gome upande mmoja chini, mara nyingi upande usiopigwa na upepo. Gome likifa, kuvu na mchwa wanaingia, wanakula taratibu kuelekea katikati na kupanda juu. Mwaka unaofuata moto unarudi, unakuta pale pana kuni kavu, unachimba zaidi. Majeraha mengine tunayatia wenyewe. Mtu anafuata asali anapasua mti kwa shoka, anaweka moto wa kufukuza nyuki, anaondoka. Mwingine anabandua gome la kutengenezea mzinga. Mkoa wetu unasifika kwa asali, Inyonga huko kila mtu anajua, na siwasemi vibaya wafugaji wa nyuki kwani wanaotumia mizinga ya mbao ndio walinzi wazuri wa msitu. Lakini gome likishabanduliwa kuzunguka shina, mti umekwisha.

Kwa hiyo kabla hujakubaliana bei, zunguka mti mzima, usitazame upande mmoja. Chini kabisa tafuta kovu jeusi la moto, udongo wa mchwa unaopanda, uyoga mgumu uliojibandika kwenye shina, tundu la ndege au nyuki, tawi kubwa lililovunjika zamani. Tazama juu, kilele kikiwa kimekufa wakati miti mingine ina majani, ujue kuna jambo. Gome likiwa limejisokota kama kamba kuzunguka shina, nyuzi za ndani nazo zimejisokota na mbao yake itapinda kama chapati. Halafu gonga kwa mgongo wa shoka. Mti mzima unajibu sauti kavu, wa pango unalia kama ngoma. Wenye chenso wana kipimo kizuri zaidi: wanaingiza ncha ya msumeno wima katikati ya shina mara moja. Unga ukitoka mkavu wenye rangi yake, sawa. Ukitoka mweusi au kama udongo, au msumeno ukapiga hatua ghafla kama umeingia hewani, mti huo uache usimame. Ukiwa umesimama una faida kwa nyuki na ndege, ukilala ni hasara yako.

Miti iliyo karibu na makazi ina ugonjwa mwingine: misumari, waya wa kuanikia nguo, vyuma vilivyomezwa na gome. Msumeno ukikutana na msumari ndani ya gogo ni meno kung'oka, na mwenye mashine atakudai.

KUANGUSHA NA KUKATA VIPANDE

Mti mzuri unaweza kuharibiwa ndani ya dakika 1 na mtu asiyejua kuangusha. Unatakiwa kukatwa mdomo kwanza upande unakotaka uangukie, halafu unakuja kwa nyuma, unaacha bawaba ya kuuongoza. Wale wanaokata upande mmoja moja kwa moja mpaka mti unaanza kulia, shina linapasuka wima kutoka chini kwenda juu. Ule ufa unaingia kwenye gogo la kwanza, ambalo ndilo nene na safi kuliko yote. Na unaweza kumuua mkataji, hilo siyo la utani kabisa. Pia angalia unaangukia wapi. Mninga ukidondokea kisiki au jiwe unavunjika ndani kwa ndani, nje huoni kitu, unakuja kuona kwenye mbao.

Visiki virefu navyo vinaniudhi. Mtu anaona uvivu kuinama, anakata kiunoni. Kisiki cha mita 1 badala ya sentimita 30 kwenye mti wa kipenyo cha sentimita 50 ni kuacha porini mita za ujazo 0.137 za mbao bora kabisa.

Urefu wa vipande ufikirie soko. Mlango unataka futi 7, ambayo ni mita 2.13. Ukikata gogo la mita 4 kwa sababu limeenea kwenye gari, unapata kipande kimoja cha mlango na kingine kifupi cha kiti. Ungekata mita 4.4 ungepata viwili, na kidogo cha kusafisha ncha. Pale penye panda au vifundo vikubwa kata pembeni yake, vifundo vibaki kwenye kipande kifupi.

Likishakatwa, jua ndiye adui. Maji yanatoka haraka kwenye ncha za gogo kuliko ubavuni, kwa hiyo ncha zinasinyaa kwanza na kupasuka kama nyota. Paka ncha rangi ya mafuta nzito, au nta, siku hiyo hiyo, weka kivulini, inua juu ya mihimili lisilale kwenye udongo. Hapa kwetu kiangazi kuanzia Mei mpaka Oktoba njia zinapitika ila nyufa ni nyingi. Masika nyufa hupungua lakini gari linazama, na weupe unashambuliwa haraka. Kwa vyovyote usilikalishe. Gogo siyo dhahabu kwamba utasubiri bei ipande.

KUPASUA

Zamani wapasuaji wawili walichimba shimo, mmoja juu mmoja chini, msumeno mrefu katikati. Bado wapo, ingawa wengi wamehamia kwenye chenso, na huko Mafinga kwenye misonobari wana zile mashine za kichina wanazoziita dingdong. Tofauti yake ni unene wa meno. Chenso inakula karibu milimita 10 kila inapopita, msumeno wa mkanda unakula kama 3. Ukitoa mbao za milimita 25 kwenye kiini cha milimita 280, chenso inakupa mbao 8 na mkanda unakupa 10. Mbao 2 zimekuwa unga chini! Na chenso ya kushika mkono inayumba, mbao inatoka nene huku nyembamba kule, fundi akiipiga randa anapoteza tena. Unga wa mninga pia unawasha kifua na pua, funga kitambaa, kuna watu umewaletea pumu.

Baada ya hapo panga mbao kwa vijiti katikati ili upepo upite, juu weka uzito. Mninga unavumilia, lakini fundi anayetengeneza mlango kwa mbao mbichi na kumpelekea mteja anaharibu jina la mti.

BARABARA INAPANDISHA BEI, HALAFU?

Nimesoma sana kuhusu kilichotokea kusini, nikaona tunahusika. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake magogo ya Kilwa, Liwale na Rufiji kufika Dar ilikuwa shughuli. Baada yake ikawa ni vurugu, wanunuzi wakamiminika, mkongo na mninga wa maeneo ya karibu na barabara ukafyekwa. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ambayo serikali ilistahili kupata ilipotea, na kwamba takwimu za China zilionyesha mbao kutoka Tanzania mara 10 ya zile zilizoandikwa kwenye vitabu vyetu. Mkataji wa kijijini alipata chenji tu, utamu ulikuwa bandarini.

Sasa sisi tuna lami ya Tabora, Koga mpaka Mpanda. Nafurahi kama kila mtu, basi linafika mapema. Ila gogo lililokuwa halilipi kwa sababu ya nauli, sasa linalipa. Tuangalie macho.

Mkurungu umeshatuonyesha. Huu ni ndugu wa mninga, Pterocarpus tinctorius, mwekundu kweli kweli, Wazambia wanauita mukula. Kwa miaka mingi haukuwa na soko la maana. Miaka ya 2010 soko la samani nyekundu za kifahari la China likaupata, na malori ya mukula wa Zambia na Kongo yakawa yanapita Tunduma kwenda bandari ya Dar. Bei ilipopanda watu waliacha kuchagua, wakakata hata ya unene wa mguu. Mwaka 2019 mkutano wa CITES Geneva uliuingiza mkurungu kwenye Orodha ya Pili, pendekezo likiwa limetoka Malawi. Mwaka 2022 mkutano wa Panama ukaongeza jamii zote za mninga na mkola za Afrika. Watu wamesambaza mtaani kwamba "mninga umepigwa marufuku dunia nzima". Siyo kweli. Orodha ya Pili maana yake kuuza nje ya nchi kunahitaji kibali maalum kinachothibitisha mti umevunwa kihalali na uvunaji hauumalizi. Kuuza Tanzania kunabaki kwenye sheria zetu. Magogo ghafi ya miti ya asili kuuza nje hairuhusiwi, kwa hiyo mtu akikwambia ana mnunuzi wa nje anataka magogo mazima, hiyo ni magumashi.

KARATASI

Gogo bila karatasi bei yake ni sifuri, hata liwe zuri namna gani. Msingi ni Sheria ya Misitu namba 14 ya 2002. Unasajiliwa kama mfanyabiashara wa mazao ya misitu, maombi ya kuvuna yanapita kwenye kamati ya uvunaji ya wilaya ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, unapata leseni, unalipa mrabaha TFS kulingana na aina ya mti na mita za ujazo, miti inaonyeshwa na mtaalamu, magogo yanagongwa nyundo, halafu unachukua hati ya kusafirisha.  Hifadhi ya Taifa ya Katavi hata usiisogelee na shoka.

Mita za ujazo pima mwenyewe usingoje kupimiwa. Kipenyo cha katikati ya gogo kwa mita, kizidishe chenyewe, zidisha 0.785, zidisha urefu. Sentimita 50, urefu mita 2.5: 0.5 mara 0.5 mara 0.785 mara 2.5 ni 0.49. Ukipimia kwenye ncha nene badala ya katikati, unalipia mti ambao haupo.

Kuna njia ambayo vijana hatuifuatilii, ya msitu wa kijiji. Kijiji kikiwa na msitu wake uliotangazwa na mpango wa usimamizi, kinapanga bei yake na mapato yanabaki kwao. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC kwa ajili ya mpingo, wa kwanza kwa msitu wa asili wa jamii Afrika. Na hapa jirani, wilaya ya Tanganyika, vijiji 8 vya upande wa milima ya Ntakata, Mwese na Katuma vikiwemo, vinalipwa hela ya kaboni kupitia Carbon Tanzania kwa kutokata kabisa. Zimejengwa zahanati na madarasa kwa hela hiyo. Mimi sisemi wote tuache mbao, mlango lazima utengenezwe na mti. Ila ukiniuliza kijana mwenye hela ya mpunga aanzie wapi, nitamwambia asianze na magogo. Anunue mbao chache kavu zenye risiti, atafute fundi mzuri, wauze milango. Pango la mti halimhusu, kona za porini hazimhusu, na faida kubwa ya mninga ipo kwenye randa.

Mwenye bei za wiki hii za mbao ya futi 7 pale Tabora na Dar aziweke hapo chini, za hapa Mpanda nitaziongeza nikizunguka Jumamosi.

Nawasilisha.